Barafu ya Mwaka Mpya

Sauti ninayoikumbuka vizuri kuliko zote ni ya panga likianguka uani. Si ya mvua, ingawa siku hiyo mvua ilikuwa inapiga mabati hivi kwamba mtu akiongea karibu nawe unaona mdomo tu unaenda. Ni ya panga. Kling! Halafu mlio mdogo unaofuata, kama kitu kimekasirika na hakitaki kunyamaza. Nyanya yangu, ambaye sisi nyumbani tunamwita Magokoro, alilirusha kutoka mlango wa jiko, likagonga jiwe letu la kunolea, likalala katikati ya uwanja ambao ulikuwa umeshaanza kuwa mweupe.

Juzi hapa Kisii mjini, mwenye nyumba wangu alikuwa anafyeka nyasi nyuma ya ploti, panga likamponyoka likaanguka kwenye simiti. Mimi nilikuwa nafua. Niliacha nguo ndani ya beseni nikakaa kwenye ngazi na povu mikononi mpaka likakauka lenyewe. Jirani yangu akaniuliza, "Wewe nawe, umeona nyoka?" Nikacheka, nikamwambia hakuna kitu. Mimi ni mtu wa kucheka, wanaonijua wanajua. Lakini siku hiyo jioni nikaona afadhali niiandike hii habari, maana nimeibeba muda mrefu na sijawahi kumwambia mtu kutoka mwanzo mpaka mwisho.

Kama ulikulia upande wetu, kule juu ya Kebirigo ambako kila ukigeuka ni majani chai na migomba, mvua ya mawe unaijua. Wingu linakuja na tumbo la rangi ya kijani, ndege wananyamaza, ng'ombe anageuza makalio upande upepo unakotoka. Watu wanaanza kuita watoto. Na kama nyumbani kwenu kulikuwa na mtu mzima wa zamani, basi umeona alichokuwa akifanya Magokoro. Anatoa panga anarusha nje, makali yaangalie juu ili yakate ile mvua. Halafu anachota majivu ya moto jikoni anayatupa nyuma ya panga, huku anaigombeza mvua kama mtu anagombeza mbuzi wa jirani. "Pita! Enda msituni! Enda ukaangukie miti isiyo na mwenyewe!"

Mzee wa kanisa letu, jirani yetu wa chini, hakupenda. Alikuwa akimwambia, "Mama, wewe ni Msabato umebatizwa, hizo ni mambo za gizani." Magokoro anamjibu, "Panga si dini, mzee. Panga ni panga." Na wakati mvua ikimwaga mawe, ukichungulia kwa huyo mzee unaona jembe limelala uani. Mke wake alikuwa analirusha mume akiwa ameinamisha kichwa kuomba.

Sasa nikuambie kuhusu mama.

Mama hakuwa mtu wa kelele za mwaka mpya. Watu wakishangilia, wakipiga masufuria, yeye alikuwa anangoja asubuhi. Asubuhi ya tarehe moja, kabla ya chai, alikuwa ananishika mkono tunaenda kusalimia shamba. Ndivyo alivyoita. Mimi na yeye tu. Mimi nimeitwa jina la mama yake mzazi, kwa hivyo yeye hakuniita jina, aliniita "mama", na nilijisikia mkubwa sana. "Funga macho, mama," ananiambia. "Guza. Ni nani huyu?"

Nilikuwa namjua kila mmoja. Mkaratusi ukibanduka ganda, upande wa ndani ni laini kama karatasi ya kufungia sabuni, na una unyevu kidogo. Shina la mgomba lina ubaridi wa shavu la mtu aliyetoka kunawa uso. Mchai mzee, ule uliopandwa na babu, una magamba ya kijivu kwenye shina, yanakwaruza kama kiwiko cha mtu asiyejipaka mafuta. Jani la boga lina vinywele vinavyokuuma bila kukuumiza. Umande wa mwezi wa kwanza, ambao ni kidogo kwa sababu jua limeshaanza kuwa kali, unakaa kwenye jani la nduma kama shanga na haulilowanishi. Mama alikuwa akiuviringisha ndani ya jani, anautazama, haongei. Mimi nilikuwa nafikiri anatafuta kitu. Sasa nimekuwa mkubwa ndiyo naelewa kwamba alikuwa anaangalia tu.

Tukirudi, Tata, yaani baba yangu, alikuwa anatungoja na mdomo wake. "Mmemaliza? Miti imeitikia salamu?"

"Imeitikia kukushinda wewe," mama anamjibu, na anaweka maji ya chai.

Mwaka huo ninaousema, mama alianza homa wiki ya Krismasi. Manesi walikuwa kwenye mgomo. Hospitali ya karibu ilikuwa na mlinzi getini na mbwa, basi. Tata alimpeleka kwa daktari mmoja mwenye kliniki ya chumba kimoja sokoni. Sisi kila aliyevaa koti jeupe tulimwita daktari. Huyo alimpa dawa, na mimi nilikuwepo, nimeshika koti la Tata, nikamsikia akisema, "Homa ikipanda, mpozeni. Kitambaa cha maji kwenye shingo na kwapani. Mkipata barafu, ni nzuri zaidi."

Hayo maneno yaliniingia kama amri. Mkipata barafu. Watu wazima walisikia dawa, vidonge, mara tatu kwa siku. Mimi nilisikia barafu. Na mtoto akishasikia kitu kimoja hivyo, yaliyobaki yote ni kelele. Nikaamua kwamba mama hatapona mpaka barafu ipatikane, na kwamba ikipatikana atapona. Hakuna mtu aliyesema hivyo. Nilijisemea mwenyewe.

Tata alijaribu. Alienda sokoni kwenye duka lenye friji ya soda. Stima ilikuwa imepotea tangu Krismasi. Alirudi na chupa moja ya soda, ya moto kama imetoka kwenye jua. Magokoro akaigusa akasema, "Hii si soda, hii ni chai isiyo na majani." Mama alicheka akiwa amelala, na kicheko kikageuka kukohoa, na sisi wote tukaacha kucheka.

Siku hizi nauza kwenye duka la familia moja ya Kihindi hapa mjini. Kuna friji kubwa nyuma, ya nyama na maziwa, na kila Jumatatu kazi yangu ni kukwangua barafu iliyoganda kwenye kuta zake. Inajaa ndoo. Naimwaga kwenye sinki. Mama mwenye duka aliniambia siku moja, "Binti, fungulia maji ya moto iishe haraka." Mimi huiacha iyeyuke polepole. Hajawahi kuniuliza kwa nini, ni mtu mzuri.

Asubuhi ya mwaka mpya mama hakuamka. Nilingoja mlangoni mwa chumba chake na viatu vyangu vimefungwa, kama mjinga. Jua likapanda. Nikaona, sawa, kama yeye haendi kwa shamba, shamba litakuja kwake. Nikatoka peke yangu nikazunguka. Nilirudi na sketi imejaa: ganda la mkaratusi, jani la boga, kipande cha gome la mchai, jani la nduma likiwa na umande wake, ambao nilitembea nao kama nimebeba yai.

"Mama, funga macho," nikamwambia. Alikuwa ameyafunga tayari.

Nikampa jani la boga. Alilipitishia kidole gumba. "Huyu ni boga," akasema, sauti yake imekauka. Nikampa jani la nduma. Umande ulimmwagikia kiganjani, akafungua mdomo kidogo, akasema, "Huyu naye amekuja kutoka mbali." Nilifurahi mpaka nikaruka. Nikampa ganda la mkaratusi, upande wa ndani. Akalishika muda mrefu. Akaliweka kwenye shavu lake lililokuwa linawaka.

"Huu ni mkono wa mama yangu," akasema.

Mimi nikacheka. Nilidhani ananichokoza. Nikasema, "Hapana, umekosea! Jaribu tena!" Naye akasema, "Mama, umekuja. Funga mlango, baridi inaingia." Hakuwa anaongea na mimi, na mimi nilijibu, nikafunga mlango.

Magokoro alipoingia akamgusa paji la uso, aliita jina la Mungu kwa Kikisii, mara moja tu, taratibu. Tata alivaa shati bila kulifunga vifungo akaondoka, aende Kisii kutafuta hospitali yoyote yenye nesi aliyebaki kazini. Alisema atarudi kabla ya jioni na gari. Magokoro akabaki na mama, na kitambaa, na beseni ya maji ambayo yalikuwa yanapata joto kila akikikamua kile kitambaa ndani.

Mimi nilienda nyuma ya zizi la ng'ombe. Hapo ndipo nilikuwa naomba mambo yangu makubwa, kwa sababu kanisani watu ni wengi na niliona sauti yangu inapotea. Nilipiga magoti kwenye majani makavu ya migomba, yanayotoa mlio ukisogea hata kidogo, kwa hivyo sikusogea. Nikaomba hivi, nakumbuka neno kwa neno: "Mungu, leta barafu. Kama huna nyingi, leta kidogo. Si ya kunyonya, ni ya mama."

Mwezi wa kwanza kwetu ni wa jua. Hakuna aliyekuwa anangoja mvua. Tulipomaliza kula mchana, ndege wakanyamaza.

Nilijua kabla ya mtu yeyote. Niliona lile tumbo la kijani linakuja kutoka upande wa ziwa na moyo wangu ukaanza kucheza. Magokoro alitoka nje, akaangalia juu, akasema, "Leo? Mwezi huu? Wewe hauna kalenda?" Jiwe la kwanza lilianguka kwenye mabati, likadunda, likaviringika mpaka miguuni pangu. Jeupe. Nikaliokota. Likaniunguza kwa baridi.

Halafu mbingu ikamwagika.

Ndipo Magokoro akarusha panga. Kling. Akakimbia jikoni kuchota majivu, akayatupa, upepo ukamrudishia nusu usoni, akaendelea kugombeza huku nywele zimekuwa nyeupe zaidi ya zilivyo. "Pita! Pita!" Na mimi nimesimama hapo, naangalia. Na nikwambie kweli, niliona ile mvua inalegea. Mlio wa mabati ulipungua. Mawe yakawa madogo, kama punje za mahindi, halafu kama za wimbi. Magokoro akapiga makofi. "Umeona? Umesikia panga la nani hilo?" Akarudi ndani kumwangalia mama.

Uwanjani kulikuwa na barafu kidogo tu, ya kujaza kikombe, na ilikuwa inayeyuka nikiiangalia. Nilimwomba Mungu barafu, Mungu amefungua mkono, na nyanya yangu ameukata kwa panga.

Nilichukua karai nikalivaa kichwani. Nikatoka. Nikaliokota lile panga, lilikuwa baridi kuliko kitu chochote nilichowahi kushika, nikalifuta majivu kwa sketi ili lisiwe na nguvu, nikakimbia nalo kupitia mlango wa mbele na kulisukuma chini ya kitanda cha mama, mpaka ukutani. Magokoro alikuwa amempa mgongo mlango, anakamua kitambaa.

Na mvua ikarudi.

Ilirudi kama ilikuwa imekasirishwa. Mawe ya ukubwa wa mayai ya njiwa. Yalitoboa majani ya migomba, yakayapasua yakawa kama vitana. Yalipiga karai kichwani mpaka masikio yangu yakaziba. Nilichota kwa sufuria, kwa mikono, nikimwaga kwenye beseni kavu nililoliacha kibarazani, vidole vimekufa ganzi, vifundo vinauma, na nilikuwa nacheka. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, mpaka leo. Magokoro alikuwa anapiga kelele mlangoni, "Panga liko wapi? Mvua imekula panga!" na mimi nikapita chini ya mkono wake na sufuria yangu imejaa.

"Barafu," nikamwambia.

Alinitazama. Akaangalia sufuria. Akachana kanga yake kwa meno, akafunga mawe mle ndani, akamweka mama shingoni, akafunga mengine akaweka kwapani. Mimi nilichukua jiwe moja zuri nikamwekea mama kiganjani, nikakifunga kiganja chake kwa mikono yangu miwili.

"Mama, ni nani huyu?"

Nilifikiri hatajibu. Mvua ilikuwa inapiga, sikuwa nasikia chochote, nikaweka sikio kwenye mdomo wake. Akasema, "Huyu simjui." Halafu akasema, "Ni mzuri." Nikamwekea kipande mdomoni. Midomo yake ilikuwa imepasuka kama uwanja wakati wa kiangazi. Alikizungusha kwa ulimi, nikaona shingo yake inameza. Alifungua macho, akanitazama mimi, si mtu mwingine, akaniita jina langu. Jina langu lenyewe, siyo "mama". Akasema, "Nani amekupa?"

"Mungu."

"Mwambie ahsante," akasema, akalala. Usingizi wa kawaida, wenye pumzi. Magokoro akamgusa, akashusha mabega. Homa ilikuwa imeteremka.

Mvua ilipoacha nilitoka nje. Sijui niiseme namna gani. Dunia yote ilikuwa imenyamaza na ilikuwa nyeupe juu ya udongo mwekundu, na moshi mwembamba ulikuwa unapanda kutoka ardhini. Kila kitu kilikuwa kinanuka kwa nguvu, kwa sababu kila jani lilikuwa limepasuka: majani chai, mkaratusi, mnanaa wa nyuma ya jiko, vyote pamoja, harufu ya kijani kibichi inayouma puani. Nilichuchumaa. Niliokota jiwe moja la barafu nikaliinua kwenye mwanga. Ndani lilikuwa na pete, pete ndani ya pete, kama kitunguu, na katikati kabisa kitu kidogo cheupe kama mbegu. Lingine lilikuwa na vipele kama limau. Mengine yalikuwa yameshikana matatu matatu kama mayai ya chura. Chini ya michai yalikuwa yamelala kwenye mitaro, mistari myeupe iliyonyooka mpaka bondeni, na juu yake vipande vya majani vimetapakaa, vya kijani, laini, vimelowa. Nilisema moyoni, mwaka mpya ndio huu. Mama akiamka nitamleta aguse.

Ndipo nikasikia Mama Moraa, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, akipiga kelele.

Haikuwa ile ya kuita. Ilikuwa ya msiba. Alikuwa amesimama katikati ya majani chai yake, mikono kichwani, na mbele yake hakukuwa na jani hata moja zima, vijiti tu, kana kwamba mbuzi elfu wamepita. Kutoka ng'ambo ya pili mwingine akajibu. Kisha mwingine. Kilima chote kikalia. Majani, mahindi machanga, maharagwe, migomba iliyokuwa karibu kukomaa. Nikasimama na barafu yangu mkononi, na hapo ndipo nikaelewa kwamba nilichoomba kidogo kimekuja kingi, na kwamba kilikuwa kinataka kukatwa na mimi nikakataa kikatwe.

Tata alirudi jioni, matope mpaka magotini. Alikuwa amepata hospitali moja ya kanisa itakayompokea mama, lakini gari lilikuwa limeshindwa kupanda, limeachwa barabarani. Kulipokucha wanaume wa jirani walikuja kumbeba kwa kiti. Homa ilikuwa imepanda tena. Walipokisogeza kitanda ili wamnyanyue, panga likaonekana limelala pale ukutani na majivu kidogo kwenye mpini.

"Hili limefika huku namna gani?" Tata akauliza.

Magokoro akaliangalia. Akaniangalia mimi. Nilikuwa nimeshika sketi yangu, ambayo bado ilikuwa na alama ya majivu mbele. Aliinama akaliokota polepole.

"Nililiweka mimi," akasema. "Mtu akiwa mgonjwa, chuma kinakaa karibu. Hamjui? Mbebeni mtu, acheni kuangalia panga."

Nilikuwa nimehifadhi barafu ya mwisho kwenye maganda ya mahindi, nimeifukia ghalani. Ilikuwa imebaki donge moja kama ngumi yangu. Niliifunga kwenye leso nikaiweka mkononi mwa mama akiwa juu ya kiti. Nilitembea nyuma yao mpaka barabarani nikiona matone yakidondoka kwenye matope, moja baada ya jingine, na walipomwingiza ndani ya gari leso ilikuwa kitambaa tu, kimelowa.

Siku zilizofuata majani chai yalianza kuwa ya kahawia. Kilima kizima kikanuka kama chai iliyomwagika na kusahaulika. Hakukuwa na kuchuma, kituo cha kupimia majani kikakaa kitupu, wanawake wakakaa vibarazani mchana, kitu ambacho sikuwahi kukiona. Sabato ilipofika, mzee wa kanisa akasimama akasema tumtafute katikati yetu aliyemkosea Mungu. Niliangalia vidole vya miguu yangu mpaka nikavijua kila kimoja.

Siku moja Tata akarudi akiwa peke yake. Nilimwona kutoka mbali akipanda njia, akibeba mfuko wa karatasi. Ndani ya mfuko kulikuwa na viatu vya mama. Alikaa kwenye kibaraza akauweka mfuko katikati ya miguu yake, na Magokoro akatoka jikoni, akaona mfuko, akaanza kulia kabla hajafika. Mimi niliona wanalia kwa sababu ya kitu kingine. Mimi nilikuwa na swali.

"Tata," nikamwambia, "umebeba viatu vyake. Sasa atarudi na nini miguuni?"

Tata alinivuta akaniweka kifuani kwa nguvu, kifungo cha shati kikaniumiza shavu.

Tulimzika kando ya migomba, na migomba yenyewe ilikuwa na majani yaliyochanika. Mama Moraa alikuja na boga moja, lililosalimika chini ya majani yake, akaomba radhi kwamba hakuwa na kingine. Kila mtu alikuja na kitu kidogo na kuomba radhi. Nilitaka kuingia ardhini.

Magokoro alinikuta nyuma ya zizi. Alikaa chini kwenye majani makavu, kwa shida, magoti yanalia. Akasema, "Wewe ndiye uliyelichukua."

Nikamwambia yote. Kuhusu kuomba, kuhusu kidogo na nyingi. Alisikiliza mpaka mwisho, akajipangusa pua kwa kanga.

"Sasa wewe kasichana," akasema, "unafikiri Mungu anakusikia wewe kutushinda sisi? Mimi nimeomba magoti yapone tangu baba yako hajaoa. Nimeomba kitu kidogo tu, magoti. Wewe ukaomba barafu mara moja, akaacha kazi zake zote akaleta? Umekuwa nani, malaika?" Alinigonga kichwani kwa kidole. "Mvua ni mvua. Panga nalo ni panga. Nalirusha kwa sababu mikono inataka kufanya kitu."

Alitaka kunifungua ule mzigo, na najua leo kwamba alifungua. Lakini siku ile sikufunguka. Nilikaa pale nikifikiri, kama si mimi niliyeiita, basi ile barafu hakuileta mtu. Ilikuwa inapita tu. Hakuna aliyenisikia nyuma ya zizi, wala mama hakuwa na wa kumwambia ahsante. Nilikuwa naona afadhali niwe nimeharibu kilima chote, lakini kuwe na mtu aliyesikia. Mpaka leo kuna siku naona hivyo. Mimi mwenye kucheka.

Jua la mwezi wa kwanza likaendelea. Wageni wakaondoka, Tata akalala mchana bila kuvua viatu, Magokoro akaenda kurudisha masufuria ya watu. Nilitoka nikaenda kusimama pale kando ya migomba. Udongo ulikuwa umeanza kukauka juu, umekuwa vumbi jekundu, laini, na chini yake nyufa ndogo zinazokwenda kila upande. Niliweka kiganja. Ulikuwa unawaka.

Nikaenda kijitoni na jagi, nikachota pale kwenye kivuli ambako maji hutoka chini ya mwamba. Nikarudi. Nilimwaga polepole, upande wa kichwa kwanza. Maji hayakuzama mara moja. Yalijiviringisha, kila tone likajivika vumbi, yakateremka kama vishanga vyekundu, halafu moja likapasuka, na jingine, na udongo ukaanza kuwa mweusi na kushuka. Nikamwaga shingoni. Nikamwaga kwapani, huku na huku. Jagi likaisha.

Nikagusa tena. Bado palikuwa na joto. Nikachukua jagi nikarudi kijitoni kuchota mengine.